Kibao cha Mchangani na Bangili ya Bi Mwanatumu

Hapo zamani, na si zile zamani za sungura kufunga kilemba, ni zamani za juzi tu, walioziona bado wanakohoa, bahari ya Mitondooni ilianza kula nyumba za watu.

Haikula kwa pupa. Ilikula kama mgeni mwenye adabu, tonge moja moja. Ilianza na mnazi wa mwisho. Ikaja ikala jiko la Shaweji, fundi redio. Ikaja ikala choo cha Kombo, mwokota kauri. Halafu ikafika kwa Mwanamvua, ikalamba baraza, ikalamba ngazi, ikakiacha kizingiti kinaning'inia kama jino la mtoto. Mwanamvua akilala anasikia maji yanagonga ukuta: pwa, pwa, pwa. Anaketi kitandani anajiuliza, ni pwa la ngapi litakaloingia ndani?

Nyumba tatu, mstari mmoja, zinangoja zamu.

Kilimani palibaki kiwanja kimoja. Kimoja, na cha nyumba moja. Ukijenga ya pili, mlango wa huyu utafungukia kitandani kwa yule. Mwenyewe alikuwa Bi Mwanatumu, mjane, mtu mzima, hana mtoto, wala hakuwa akiuza. Waliomwendea na maneno matamu aliwapa maji ya kunywa, wakishakunywa akawaonyesha njia.

Sasa sikilizeni. Mitondooni, Siku ya Mwaka, watu wote hushuka baharini kuoga mwaka. Wanaziacha nuksi majini, wanatoka wepesi. Na wanawake siku hiyo huvaa vyao vyote. Bi Mwanatumu alivaa bangili ya dhahabu ya marehemu mamake. Kwa ndani ina alama ya jino. Mamake aliiuma siku aliyopewa, ajue kama ni dhahabu kweli au ni maneno ya mwanaume. Likaja wimbi, likampindua bibi wa watu miguu juu. Alipoinuka, mkono mtupu.

Alilia, lakini hakuna aliyepiga mbizi. Kule kwao, kitu kilichochukuliwa na bahari Siku ya Mwaka hakitafutwi. Kimekwenda na nuksi. Ukikirudisha, hakirudi peke yake.

Ikapita miezi miwili. Bi Mwanatumu akashikwa na homa isiyoshuka. Akawa anasema, "Mama ananijia. Hasemi neno. Ananitazama mkono tu." Siku moja akatuma habari mtaani: "Atakayeniletea bangili kabla sijaenda kumkabili mama, kiwanja ni chake. Mtu mmoja. Sitaki kesi juu ya kaburi langu."

Mtaa mzima ukasikia, mtaa mzima ukaogopa. Nani akafukue nuksi? Lakini woga nao una wakubwa zake. Wale watatu wa mstari wa mbele walikuwa na woga mwingine, unaogonga ukutani kila siku.

Kusi likavuma siku tatu. Siku ya nne likanyamaza, na Shaweji akapiga hodi kwa Mwanamvua.

Shaweji alikuwa na mashine ya kunusa chuma. Ina mpini mrefu, chini ina sahani, juu ina spika za kuvaa masikioni. Mgeni mmoja wa hoteli aliiacha imekufa, Shaweji akaifufua. Aliipenda kuliko mkewe, na mkewe mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

"Leo bamvua," alisema Shaweji. "Maji yatakupwa mpaka mwambani. Mashine ninayo. Ila sijui pa kuanzia, pwani ndefu."

"Pa kuanzia ninapajua mimi," alisema Kombo nyuma yake. Kombo alikuwa ameoa ndugu wa Mwanamvua, naye alikuwa mtu wa maneno mengi, nyayo zake ngumu kama gamba la kobe. "Umeniona nikiokota miaka thelathini. Watu wanatafuta kitu pale kilipoanguka. Hawana akili. Bahari haiachi kitu mahali. Bahari ni kama mama mwenye nyumba, inapanga. Vyepesi inaviweka juu, vizito inaviweka chini, na zito hulala na zito."

"Na mimi?" akauliza Mwanamvua.

"Wewe una jembe na chekeche, shemeji."

"Na kisomo!" Shaweji akacheka. "Tukikuta bahari imeandika barua, mwalimu atatusomea."

Nikwambieni juu ya hicho kisomo. Mwanamvua alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mwaka ule ndio alioingia darasa la watu wazima. Wajukuu wa wenzake walimcheka. Yeye akaenda. Akajifunza a, akajifunza ba, akajifunza jina lake mwenyewe, na siku alipoliandika lote alikaa kulitazama mpaka ubwabwa ukaungua. Tangu hapo alikuwa akisoma kila kitu, gunia la unga, paketi ya dawa, mgongo wa fulana ya mtu anayepita. Alisoma polepole, kwa kidole, midomo ikicheza. Lakini alisoma.

"Tukiipata, itakuwaje?" aliuliza Mwanamvua.

"Tupate kwanza," alisema Kombo.

"Tupate kwanza," alisema Shaweji.

Na yeye akasema, "Haya, tupate kwanza." Mnaona? Hapo ndipo palipoharibika, na bado hawajafika hata pwani.

Wakashuka. Saa tatu na nusu asubuhi, jua kali, na bahari imekwenda mbali, mbali mno. Pwani nzima hapakuwa na mtu. Kunguru hayupo. Mwanamvua hakuupenda ule ukimya. Bahari ikinyamaza hivyo huwa imevuta pumzi, na kilichovuta pumzi kitaitoa.

Kwanza walipita mstari wa juu, pale mwani mkavu unapolala. Mashine ikalia, kru, kru. Mwanamvua akachimba. Kopo la samaki.

"Hapa vyepesi," alisema Kombo. "Malapa na chupa. Zito hulala na zito. Tushuke."

Wakashuka mahali tambarare, pale watu wanapotandika kanga na kula. Mashine ikalia, kru, kru, kru. Mwanamvua akachimba. Vifuniko vya soda, msumari, ufunguo wa baiskeli.

"Hapa vya jana," alisema Kombo. "Zito hulala na zito. Tushuke."

Wakashuka mpaka penye migongo miwili ya mchanga, na katikati yake bonde refu limelala kama mtumbwi mtupu. Kusi lilikuwa limefagia mchanga wote wa juu. Chini ya bonde palionekana kokoto nyeusi, kauri nene, vipande vya risasi za mishipi ya kuvulia, na senti za zamani zimekuwa kijani.

Kombo akashusha sauti. "Si nilikwambieni? Tazameni. Bahari imefungua kabati."

"Lakini hapa si ndipo malori yalipokuwa yakichota mchanga?" aliuliza Mwanamvua. "Zamani, wakati wa kujenga hoteli?"

"Mashimo yale yalijifukia kitambo, shemeji. Bahari haipendi shimo."

Shaweji alikuwa ameshavaa spika zake. Juu ya mgongo wa mchanga, ukingoni kabisa, mashine ikanguruma: kruuuu! Kitu kikubwa. Mwanamvua akachimba, jembe likagonga bati. Wakavuta. Kibao cha chuma, kipana, kimeliwa na kutu, nguzo yake imekatika.

"Bure!" Shaweji akakitupa ubavuni. "Hiki nitakirudia. Kinafaa kuzibia paa la banda la kuku."

Kina maandishi. Mwanamvua aliyaona chini ya kutu. Akainama, kidole kikaenda chenyewe. *Ha. Ta. Ri.*

Akahisi baridi mgongoni, jua lote lile.

"Mwalimu kapata barua!" Shaweji akapiga kelele. "Bahari inasemaje? Inakusalimu?"

"Mpe hadi Idi, atamaliza mstari wa kwanza," alisema Kombo, wakacheka wote wawili.

Uso ukamwaka Mwanamvua. Maneno yalikuwa mengi, chini yake mengine, na mengine yameliwa. Angehitaji muda. Wangesimama juu yake wanacheka. Na kulikuwa na jambo la pili, nalo ni hili: akisema "hatari", wataondoka. Bamvua kama hili halirudi karibuni, mchanga utarudi, kabati litafungwa. Na ukuta wake je? Pwa, pwa.

Akafunga mdomo. Akasukuma mchanga kwa mguu, ukalifunika lile neno. Akabeba jembe, akawafuata.

Bondeni maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, vuguvugu. Mashine ikapita kushoto, kimya. Ikapita kulia, kimya. Halafu ikaimba. Haikunguruma kama kwa chuma, iliimba, tiii, nyembamba, kama mbu wa dhahabu.

"Mungu wangu," alisema Shaweji. "Hii siyo chuma."

Jembe halikushika kitu, mchanga ulikuwa uji. Kombo akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akaingiza mpaka bega. Shavu lake likagusa maji. Akatulia, macho juu.

"Ninayo," alinong'ona. "Wallahi ninayo."

Akautoa mkono. Katikati ya matope meusi, duara la njano. Hata jua liliona haya.

Akasimama, akapiga hatua moja nyuma, na mguu ukaingia hadi paja.

Akacheka kwanza. "Ebo!" Akaweka mguu wa pili ajiinue, nao ukaingia. Hapo hakucheka.

"Fundi, nipe mkono."

Shaweji akampa mkono mmoja, wa pili umeinua mashine isilowe. Akavuta. Kombo akashuka hadi kiunoni. Shaweji akavuta zaidi. Akahisi na yeye magoti yake yanamezwa. Akamwachia! Akajitupa nyuma, akatambaa kwa tumbo hadi ukingoni, mashine imekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Usiniache, Shaweji! Shaweji we!"

"Sikuachi! Nafikiri!"

"Fikiri na mkono wako huku!"

Na sasa Mwanamvua akasikia kitu ambacho amekisikia kila siku kitandani. Pwa. Akageuka. Bahari ilikuwa inarudi, na bamvua likirudi halitembei, linakimbia. Halikuja kwa mbele, kule walikokuwa wakilitazama. Liliingia kwa nyuma, kupitia mdomo wa bonde, jembamba, limebeba povu. Maji yanajaa bonde kwanza. Watakaokuwa juu ya mgongo watabaki kama kisiwa, na aliye bondeni...

Likamfika Kombo tumboni. Mkono mmoja juu, ngumi imefumbwa, bangili ndani.

"Iachie, ushike mpini kwa mikono miwili!" alilia Mwanamvua, akimnyooshea jembe.

"Siiachii!"

Mwanamvua akakimbia. Shaweji alidhani amekimbia kuokoa roho yake, akamlaani. Lakini alikimbilia kibao. Akapiga magoti, akakifuta kwa kanga, kutu ikatoka, herufi zikabaki. *Ha-ta-ri. Ma-shi-mo ya m-cha-nga.*

"Mwanamvua, una wazimu? Huu ni wakati wa kusoma?"

Ukisoma polepole huwezi kusoma upesi kwa sababu mtu anakufa. Unasoma vilevile, silabi moja moja, kama mtu anayevuka daraja la kamba. *U-ki-na-sa...* Likafuata neno limeliwa nusu. *U-si-si... u-si-si-ma...* Maji yakamfika Kombo kifuani. Alikuwa ameanza kumwita mamake. *U-si-si-ma-me. La-la. La-la cha... cha...*

"Chali!" akapiga kelele. "Lala chali! Kombo, lala chali!"

"Nini?"

"Usisimame! Ukinasa lala chali! Imeandikwa!"

"Maji yananijia halafu nilale? Unataka kuniua, shemeji?"

"Imeandikwa hivyo!"

"Imeandikwa na nani?"

"Simjui! Na mtu aliyemwona mwenzake akifa hapa, nani mwingine angeandika?"

Kombo akamtazama. Huyu ndiye waliyemcheka asubuhi. Nyuma yake wimbi linakuja. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuamini duniani, nacho ni kidole cha mwanamke mzima juu ya bati lenye kutu.

Akalala.

Maji yakamfunika masikio. Yakamfunika mdomo, akatema. Mabega yalikuwa yanazama. Mwanamvua akapaza sauti, "Kitu cha kumwekea mgongoni! Fundi!"

Shaweji akatazama mashine yake. Nasema aliitazama, na msimcheke, kila mtu ana chake. Kisha akalala kwa tumbo, akaisukuma chini ya mabega ya Kombo, mpini, sahani na vyote. Maji ya chumvi yakaingia. Mashine ikalia mara moja, tiii, ikanyamaza milele.

Mwanamvua akarusha kanga, ikapita kwapani kwa Kombo. Hawakuvuta kwa nguvu. Walivuta kama unavyovuta uzi kwenye tundu la sindano. Goti moja likatoka. La pili likatoka. Wakatambaa wote watatu, mgongo wa mchanga ukiliwa nyuma yao, wakavuka maji ya kiuno, wakaanguka juu ya mwani mkavu. Walipogeuka, hapakuwa na bonde. Palikuwa na bahari tu, imetulia, kama haijafanya kitu.

Walitetemeka kwa muda mrefu. Halafu Kombo akafungua ngumi. Na dhahabu ilipong'aa, mtetemo ukaisha, wakaanza kutazamana.

Kwa Bi Mwanatumu waliingia wakishindana mlangoni. Bibi wa watu akaipokea bangili, akapitisha kidole kwa ndani, akaitafuta alama ya jino, akaipata. Akaivaa. Akafumba macho.

"Sasa anaweza kuja," alisema. "Haya. Nani?"

"Mimi, bibi," alisema Kombo. "Pwani yote ile, nani aliyesema hapa siyo, tushuke? Nani aliyejua zito hulala na zito? Mkono wangu ndio ulioishika, mkono wangu ndio ulioileta, na nilipoambiwa niiachie niokoke sikuiachia. Nimeilipia kwa pumzi yangu. Kiwanja changu."

"Mimi, bibi," alisema Shaweji. "Kombo anapita hapo kila siku, mbona hakuiona? Mashine yangu ndiyo iliyosikia. Na mashine hiyo sasa iko wapi? Iko chini ya bahari, nimeilaza mgongoni kwake. Kombo katoka na roho na sifa. Mimi nimetoka na nini? Kiwanja changu."

"Baada ya kuniachia mkono!" alisema Kombo.

"Na nani aliyesema mashimo yamejifukia?" alisema Shaweji.

"Nyamazeni," alisema Bi Mwanatumu. "Na wewe, Mwanamvua?"

Mwanamvua alikuwa amekaa mkekani, kanga imelowa. Alikuwa na maneno yake tayari, alikuwa ameyapanga njiani. Bila mimi, bangili ingekuwa shimoni na mkono ulioishika. Bila mimi hakuna Kombo wa kudai. Mimi niliyesoma. Maneno mazuri, na yote kweli.

"Msemee, fundi," Kombo alisema, sauti imeshuka. "Haki ya Mungu, kisomo chake ndicho kilichonitoa."

"Ni kweli," alisema Shaweji. "Sitamwita tena mwalimu kwa mzaha."

Wangalinyamaza pengine na yeye angalinyamaza. Lakini sifa ile ilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

"Nililisoma mapema," alisema.

"Lipi?"

"Hatari. Neno la kwanza. Nililisoma kabla hamjaingia bondeni. Nililisoma vizuri kabisa. Mkanicheka, nikaona haya. Lakini siyo haya tu, bibi. Nilijua nikisema mtaondoka, na mimi nakitaka kiwanja. Nikalifunika kwa mguu."

Kombo alimtazama shemeji yake kama mtu anayetazama maji, hajui kina chake.

"Ungeweza usiseme," alisema Shaweji polepole. "Hakuna aliyekuona."

"Najua."

Bi Mwanatumu akazungusha bangili mkononi, mara moja, mara ya pili. "Mimi yangu nimeipata," alisema. "Hukumu hii siiwezi. Tokeni, mkawaulize watu."

Wakatoka. Usiku ule kizingiti cha Mwanamvua kilianguka. Kesho yake ukuta wa Shaweji ukapasuka. Keshokutwa yake Kombo alihamishia watoto wake juu ya kabati. Wengine wanasema ni ile nuksi ya Siku ya Mwaka, imefuata bangili. Wengine wanasema ni bahari tu, ina njaa yake.

Basi wamewaulizeni nyinyi. Kiwanja ni kimoja, nyumba ni moja. Yupo aliyejua pa kutafuta, akasema shimo halipo. Yupo aliyeisikia dhahabu, akamwachia mwenzake mkono, kisha akaitoa mashine yake. Yupo aliyesoma akanyamaza, akasoma tena akaokoa, na akasema ukweli ambao hakuna aliyemwomba.

Semeni upesi, maana maji yanajaa. Je, nani alistahili kupanda kilimani?